Ganzi, Kutulizwa au Nusukaputi? Somo kwa Mwenye Jino Bovu

Mwaka huu nimeona ngeli na viambishi vipumzike kidogo, tuingie kinywani. Msigune bure! Kiswahili kinachoishia kwenye karatasi ya mtihani ni Kiswahili cha nusu. Lugha ni sharti itufae hata tunapoumwa.

Haya, niwaulize. Ni bweni lipi lisilo na mtu anayelala amelishika shavu? Ukimwuliza mbona haendi kumwona daktari wa meno, atakupa mojawapo ya majibu matatu. La kwanza: "Naogopa sindano." La pili: "Binamu yangu alidungwa, ganzi ikakataa kushika, akang'olewa hivi hivi akipiga mayowe." La tatu: "Mimi nangoja nilazwe kabisa, niamke jino likiwa halipo." Majibu haya nimeyasikia mara nyingi, nami nimesoma na kuuliza hadi nikapata la kuyajibu. Jawabu langu kwa muhtasari ni hili: njia za kuzuia maumivu zipo, tena si moja, lakini zinamngoja anayekwenda mapema. Kadiri unavyokawia ndivyo zinavyopungua. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

MANENO KWANZA

Tuanze na msamiati, maana wengi wetu huyachanganya maneno haya kama githeri.

Ganzi ni hali ya sehemu ya mwili kukosa hisia. Ukiukalia mguu kwa muda mrefu, wasema umekufa ganzi. Dawa ya ganzi hulifanya jino, ufizi na mdomo vivyo hivyo. Wewe mwenyewe u macho, wasikia yote, na waweza kuinua mkono kumwambia daktari asimame.

Kutulizwa ni kupewa dawa ya kuondoa woga. Hulali fofofo. Unakuwa kama mtu aliyeshiba akaketi kivulini saa nane mchana. Ukiitwa waitika, ukiambiwa fungua kinywa wafungua.

Nusukaputi ni usingizi mzito wa dawa. Hata ukiitwa kwa sauti kubwa, hata ukifinywa, huamki mpaka dawa iishe.

Kumbuka pia kwamba dawa ya kutuliza huondoa hofu, lakini haitoshi kuondoa uchungu wa kung'olewa jino. Kwa hivyo aliyetulizwa hutiwa ganzi vilevile. Asije mtu akadhani akitulizwa ameikwepa sindano!

TULIKOTOKA

Wazee wetu walikuwa majasiri. Miongoni mwa Waluo wa zamani, kijana aling'olewa meno 6 ya mbele ya taya la chini, na Wamaasai walikuwa na desturi ya kung'oa mawili ya mbele ya chini, yote bila ganzi wala nini. Ulaya nako, kwa karne nyingi mng'oa meno alikuwa kinyozi, na dawa ilikuwa pombe pamoja na wanaume wa kukushika mikono.

Anayetaka kusomea udaktari wa meno ana jambo la kujivunia. Madaktari wa meno walikuwa mstari wa mbele kuufungua mlango wa nusukaputi ulimwenguni. Gesi ya naitrasi oksaidi, ambayo watu huiita gesi ya kuchekesha, ilijulikana tangu karne ya 18. Mwingereza Humphry Davy aliandika mwaka 1800 kwamba huenda ikafaa katika upasuaji, lakini hakuna aliyemsikiliza. Watu waliivuta kwa mchezo tu katika maonyesho, wakacheka na kuyumbayumba.

Tarehe 10 Desemba 1844, katika mji wa Hartford, Marekani, daktari wa meno Horace Wells alikwenda kutazama onyesho kama hilo. Akamwona mtu aliyevuta gesi akijiumiza mguu huku hana habari. Kesho yake Wells aliivuta mwenyewe, na mwenzake John Riggs akamng'oa jino. Hakusikia uchungu! Januari 1845 alikwenda Boston kuonyesha ugunduzi wake mbele ya madaktari na wanafunzi, lakini mgonjwa akapiga kelele, nao wakamzomea Wells. Aliyekuwa mshirika wake, William Morton, daktari wa meno pia, akajaribu etha. Tarehe 30 Septemba 1846 alimng'oa mgonjwa jino bila maumivu, na tarehe 16 Oktoba mwaka uo huo akamlaza mgonjwa mwingine katika Massachusetts General Hospital, huku mpasuaji John Collins Warren akimtoa uvimbe. Ni haki niseme pia kwamba Crawford Long, daktari wa jimbo la Georgia, alikuwa ameitumia etha mwaka 1842, ila hakuitangaza habari hiyo hadi 1849.

Ganzi ya sindano ilikuja baadaye. Mwaka 1884 Carl Koller wa Vienna alitia kokeini kwenye jicho, likafa ganzi. Mwaka huohuo William Halsted wa New York akaidunga karibu na neva ya taya. Kumbe kokeini ilikuwa nyoka chini ya mkeka: Halsted mwenyewe akawa mraibu wake. Wataalamu wakatafuta dawa isiyo na balaa hiyo. Mwaka 1943 Waswidi wawili, Nils Löfgren na Bengt Lundqvist, wakatengeneza lignokeini, ambayo wengine huiita lidokeini. Hiyo ndiyo dawa ambayo hadi leo hutumika sana ukienda kung'olewa jino.

NJIA YA KWANZA: GANZI

Neva ni kama waya wa simu. Jino likiguswa, ujumbe wa "Uchungu!" hukimbia kwenye neva hadi ubongoni. Ujumbe huo husafiri kwa ioni za sodiamu kuingia ndani ya neva kupitia vilango vidogo sana. Lignokeini hupenya ndani ya neva na kuviziba vilango hivyo. Jino linavutwa, lakini simu haifiki. Ukiyaelewa haya utaelewa pia kwa nini unaweza kuhisi unasukumwa na kuvutwa, hata ukasikia mlio wa "kra!" mfupani, bila uchungu. Wengi wanaopiga mayowe huogopeshwa na msukumo na mlio huo. Kabla ya kung'oa, daktari hujaribu kwa kuugusa ufizi. Ukisikia mguso tu, sema "naguswa". Ukisikia kuchomwa, sema "naumia", naye ataongeza dawa. Maneno hayo mawili si sawa, na ni muhimu uyatenge.

Mara nyingi lignokeini huchanganywa na adrenalini kidogo. Adrenalini huibana mishipa midogo ya damu, hivyo dawa haisombwi upesi na damu haitoki nyingi. Moyo ukidunda mbio kwa dakika moja au mbili baada ya sindano, usidhani wafa. Mara nyingi ni adrenalini hiyo, au ni woga wako mwenyewe. Lakini mwambie daktari.

Mataya nayo si sawa. Mfupa wa taya la juu ni mwembamba na una vinyweleo, kwa hivyo dawa ikidungwa kando ya jino hupenya mpaka kwenye mzizi. Taya la chini, hasa upande wa magego, ni gumu kama jiwe la kusagia. Hapo daktari hudunga nyuma kabisa, upande wa ndani wa taya, mahali neva inapoingia mfupani. Ndiyo maana ukitolewa gego la chini, nusu nzima ya mdomo wa chini hufa ganzi na ulimi ukawa mzito.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana kuna watu hudhani daktari hujidungia tu. Kichupa kimoja cha dawa kwa kawaida kina mililita 1.8. Lignokeini ya asilimia 2 ina miligramu 20 katika kila mililita, kwa hivyo kichupa kina miligramu 36. Kipimo ambacho wengi hufundishwa wasikivuke ni miligramu 4.4 kwa kila kilo ya uzito. Kijana wa kilo 50 asizidishe miligramu 220, yaani vichupa 6. Mtoto wa kilo 15 ni miligramu 66, hata vichupa 2 havitimii! Ndiyo maana mtoto hupandishwa kwenye mizani kabla ya sindano. Dawa ikizidi mwilini yaweza kuleta degedege na kuudhuru moyo.

Na kuhusu hiyo sindano unayoiogopa: ni nyembamba mno. Daktari aweza kwanza kukupaka jeli ya ganzi kwenye ufizi, kisha akadunga polepole. Ukilinganisha uchungu wa sekunde chache hizo na usiku kumi wa kukesha, mwenye hesabu nzuri ni nani?

Kabla sijasahau, karafuu. Mama na nyanya zetu hutuambia tubane karafuu kwenye jino, nao hawadanganyi. Mafuta ya karafuu yana kitu kiitwacho eugenoli ambacho hutia ganzi kidogo, na madaktari huyachanganya na oksaidi ya zinki kuzibia jino kwa muda. Lakini karafuu hunyamazisha tu, haiponyi. Na tafadhali, usiweke kidonge cha aspirini juu ya ufizi. Huuchoma ufizi ukawa mweupe, ukabaki na vidonda viwili badala ya kimoja.

MBONA GANZI HUKATAA KUSHIKA?

Hapa ndipo penye kiini cha somo langu, kwa hivyo tegeni masikio.

Aliyesema binamu yake alidungwa na ganzi ikakataa huenda alisema kweli. Yako mambo kadhaa ya kusababisha hayo. Pengine dawa iliangukia kando ya neva. Pengine daktari hakungoja dakika za kutosha. Lakini sababu mojawapo kubwa ni usaha.

Wanakemia, kumbukeni pH. Ufizi mzima una pH ya karibu 7.4. Jino likioza hadi likafanya jipu, pale mahali huwa na asidi zaidi, na pH hushuka. Lignokeini huwa katika sura mbili: yenye chaji na isiyo na chaji. Isiyo na chaji ndiyo inayoweza kupenya utando wa neva. Katika pH ya 7.4, karibu robo ya dawa huwa haina chaji, nayo hupita. pH ikishuka hadi 6.4, ni kama sehemu 3 tu kati ya 100. Hebu fikiri! Dawa ni ile ile, daktari ni yule yule, sindano ni ile ile, lakini mlango umefungwa na usaha.

Basi binamu alipopiga mayowe, huenda hakuonewa na daktari. Huenda alikuwa amengoja mwezi mzima kwa kuogopa uchungu, na kule kungoja ndiko kulikoyaleta maumivu aliyoyaogopa.

Je, mtu wa namna hii hana tumaini? Analo. Daktari aweza kuitia neva ganzi mbali na jipu, pahali ambapo hapajaharibika. Aweza kulipasua jipu usaha utoke kwanza. Aweza kukupa dawa za kuua viini pale zinapohitajika, kisha akakuambia urudi. Kwa hivyo ukiambiwa urudi, usinung'unike ati umezungushwa. Lakini waona? Aliyekuja mapema angekuwa amekwisha kwenda nyumbani.

NJIA YA PILI: KUTULIZWA

Wako watu ambao shida yao si jino, ni hofu. Wakiona tu kile kiti, magoti hugongana. Wengine hutapika kila kitu kikigusa ulimi. Hawa hufaa kutulizwa, nako ni kwa namna tatu.

Namna ya kwanza ni gesi ile ile ya Horace Wells. Waliofika somo la nitrojeni wanaijua kwa jina la N2O. Mgonjwa huvikwa kifuniko cha pua, akavuta gesi hiyo ikiwa imechanganywa na oksijeni. Mashine za daktari hutengenezwa zisiruhusu oksijeni kushuka chini ya asilimia 30, wakati hewa tunayovuta kila siku ina asilimia 21 tu. Vidole huwasha kidogo, mwili ukawa mwepesi, mtu akatabasamu. Kazi ikiisha, mgonjwa huvutishwa oksijeni tupu kwa dakika kama 5, gesi ikatoka kwa njia iliyoingilia, yaani mapafuni. Haimfai mwenye mafua yaliyoziba pua, wala mama mwenye mimba changa. Na wewe mwenye kupenda majaribio, gesi hii ikivutwa bila oksijeni inaua. Iache hospitalini.

Namna ya pili ni vidonge, kama vile diazepamu, vinavyomezwa kabla ya kazi. Ni rahisi, lakini daktari hawezi kujua barabara vitafanya kazi upesi kiasi gani, kwa sababu hupitia tumboni.

Namna ya tatu ni sindano ya mshipani, hasa midazolamu. Daktari hutia kidogo kidogo akimtazama mgonjwa mpaka macho yalegee. Ajabu ya dawa hii ni kwamba mtu aweza kuongea na daktari vizuri, kisha kesho yake asikumbuke hata neno moja. Ikizidi, mtu aweza kuacha kupumua vyema. Kwa hivyo ni lazima awepo mtu wa kumwangalia mgonjwa, kifaa kidoleni cha kupima oksijeni ya damu, na dawa ya kuivunja nguvu, iitwayo flumazenili. Pasipo na vitu hivyo, sindano hiyo isitolewe.

NJIA YA TATU: NUSUKAPUTI

Sasa tumfikie ndugu yetu anayengoja kulazwa kabisa. Ndugu, nusukaputi si zawadi ya mwoga wala mwenye pesa. Ni njia ya kazi kubwa. Hupewa mtoto mdogo mwenye meno mengi mabovu asiyeweza kukaa kitini. Hupewa aliyevunjika taya katika ajali ya bodaboda. Hupewa mwenye uvimbe mkubwa wa taya, au mwenye magego ya mwisho yaliyolala kingo mfupani, yale yanayojaribu kuota kati ya miaka 17 na 25. Hupewa pia mtu mwenye ulemavu asiyeweza kuelewa anachofanyiwa.

Kazi hiyo hufanyiwa chumba cha upasuaji, si kwenye kiti cha kawaida. Pamoja na mpasuaji huwapo mtaalamu wa nusukaputi: daktari, au hapa kwetu Kenya pengine afisa wa tiba au muuguzi aliyesomea kazi hiyo. Mtaalamu huyu hafanyi lingine ila kukutunza uhai. Hukulaza kwa dawa ya mshipani kama propofoli au ketamini, akapitisha mpira wa kupumulia, mara nyingi kupitia puani ili kinywa kibaki wazi kwa mpasuaji. Kooni huwekwa shashi ili damu isiteremke, nayo huhesabiwa na kutolewa kazi ikiisha. Muda wote anatazama moyo, pumzi na oksijeni.

Sharti kubwa ni kufunga. Chakula kisiliwe kwa saa 6 kabla, na maji matupu yakome saa 2 kabla. Sababu ni kwamba aliyelala usingizi wa dawa hawezi kukohoa. Kilichomo tumboni kikipanda, huteremkia mapafuni na chaweza kuua. Wakenya wenzangu, chai ya maziwa ni chakula! Mama anayemwonea mtoto huruma alfajiri akampa kikombe kimoja "asishikwe na njaa" amemtia hatarini bila kujua. Na aliyekunywa asifiche. Kuahirishwa hadi kesho si msiba.

Mwenye kuchelewa hupunguziwa hata njia hii. Usaha wa gego la chini ukiteremka chini ya ulimi na shingoni, shingo hufura, kinywa hakifunguki, mate hayamezeki na pumzi hukatika. Hapo hata mtaalamu hodari hupata taabu kuupitisha ule mpira. Ukimwona mwenzako amefika hali hiyo, usingoje asubuhi wala usitafute karafuu. Mwamshe mwalimu wa zamu, apelekwe hospitali saa ile ile. Watu wamekufa kwa jino.

NANI APEWE NINI?

Daktari hupima mambo manne: ukubwa wa kazi, ukubwa wa woga, afya ya mgonjwa na vifaa vilivyopo. Jino moja lililosimama wima kwa kijana mzima huhitaji ganzi basi. Mwoga sana huongezewa kitulizo. Kazi kubwa ndiyo hupelekwa kwenye nusukaputi. Hata gharama hufuata mpango huo: ganzi ni rahisi, nusukaputi ni ghali kwa sababu ya watu na mitambo.

Na afya yako ni wewe unayeijua. Mficha uchi hazai. Sema kama una pumu, ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, kisukari, kifafa, au selimundu, ule ugonjwa wa chembe za damu kujikunja kama mundu, ambao hautaki oksijeni ipungue hata kidogo. Sema kama una mimba, hata ikiwa ni siri. Sema dawa zote unazotumia, za hospitali na za mitishamba, na kama umelewa pia sema. Daktari hakuulizi ili akuhukumu. Anatafuta dawa isiyokudhuru.

MAZUNGUMZO YA MFANO

Nimebuni mazungumzo haya ili tujifunze kuuliza, maana wengi wetu tukifika mbele ya daktari tunakuwa mabubu.

MAMA: Hodi daktari.
DAKTARI: Karibu mama, karibuni mketi. Habari ya nyumbani?
MAMA: Njema, ila huyu kijana wangu halali. Ni gego la chini, wiki sasa.
DAKTARI: Pole sana, kijana. Fungua kinywa tuone. Aha. Limetoboka, lakini hakuna jipu bado. Mmefanya vizuri kuja.
KIJANA: Daktari, nitalazwa?
DAKTARI: La, hili ni la ganzi tu. Kwani una hofu?
KIJANA: Kidogo. Nikisikia uchungu nifanye nini?
DAKTARI: Inua mkono wa kushoto, nitaacha mara moja. Una ugonjwa wowote? Dawa ilishawahi kukudhuru?
KIJANA: Nina pumu, daktari. Dawa ya kuvuta ninayo mfukoni.
DAKTARI: Vyema umesema. Iweke hapa mezani karibu nasi. Umekula?
MAMA: Amekunywa uji, daktari. Nilidhani ni vibaya.
DAKTARI: Kwa ganzi si vibaya, mama. Ni afadhali asiwe na njaa, asije akapata kizunguzungu. Kufunga ni kwa nusukaputi.
MAMA: Na ganzi itaisha saa ngapi?
DAKTARI: Mdomo utakuwa mzito saa 3 hadi 5. Asile mpaka iishe.

Mmeona? Maswali machache tu, na woga wote umepungua nusu.

UKITOKA

Ukitoka umetiwa ganzi, bana shashi kwa nusu saa bila kuchungulia chungulia. Usinywe chai ya moto wala kutafuna kabla hisia hazijarudi. Watoto wadogo waangaliwe sana, kwa sababu huutafuna mdomo wao wenyewe kama peremende, ganzi ikiisha wakaukuta umefura. Usitemeteme wala kusukutua siku hiyo, usije ukaliondoa bonge la damu linalofunika kidonda. Siku ya pili ndipo usukutue polepole kwa maji vuguvugu ya chumvi.

Ukiwa umetulizwa kwa sindano au umelazwa kwa nusukaputi, usitoke bila mtu mzima wa kukusindikiza. Kwa saa 24 usiendeshe chombo chochote, usipande bodaboda peke yako, na usitie sahihi karatasi ya maana. Utajiona u mzima, kumbe akili bado imesinzia.

Wenzangu, nimefika ukingoni. Sikuandika haya ili mpende kung'olewa meno. Jino likiwahiwa, mara nyingi huzibwa tu likaendelea kutafuna mahindi miaka na miaka. Ila mwenye shavu lililofura asilale leo akisingizia sindano. Aende akiwa bado na njia tatu za kuchagua.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Tofautisha ganzi, kutulizwa na nusukaputi. Tunga sentensi moja kwa kila neno.
2. Mtoto ana kilo 20. Kwa kipimo cha miligramu 4.4 kwa kilo, asizidishe miligramu ngapi za lignokeini? Hizo ni vichupa vingapi vya miligramu 36?
3. Eleza kwa maneno yako kwa nini ganzi hushindwa palipo na usaha.
4. Mwenzako atafanyiwa upasuaji wa taya kwa nusukaputi saa mbili asubuhi, naye anataka kunywa chai ya maziwa saa kumi na moja alfajiri. Mshauri, ukitoa sababu.